Utani Hauna Mlango

Bukoba, Jumapili 14 Julai 2024
Asubuhi: ukungu juu ya ziwa, hakuna mvua, baridi ya sweta hadi saa nne.

Shangazi, waitu,

Nakuita waitu kwa heshima ya kwetu, nikiwa nimepiga magoti, ingawa hunioni. Mimi ni mzima, kifua kimepona. Mama amenipigia kutoka Izimbya, mguu wake unaendelea vizuri na ng'ombe wake amezaa ndama jike. Amempa jina Subira, maana walimngoja hadi wakakata tamaa. Mkungu uliompa Judica wa ndizi umefika salama, na wapangaji wenzangu wamesifu ndizi za Kishanda hadi nikaona wivu kwa niaba yako.

Kiwandani msimu umeingia. Meza zote za kuchambua kahawa zimejaa wanawake. Natoa punje nyeusi na zilizovunjika, na siku hizi mkono unajua wenyewe.

Nina swali, naomba ulijibu kwa makini. Siku ile ya Aprili uliponileta kazini, pale langoni, ulimwambia nini Babu Rutaihwa? Nakumbuka mlicheka sana. Nimeangalia shajara yangu ya siku hiyo, nikakuta nimeandika mvua na nauli tu. Nataka maneno yenyewe.

Usipige simu. Simu yako inachajiwa dukani kwa Rwekaza, na Rwekaza ni mdogo wake Babu. Isitoshe, wewe ukishika simu unapaza sauti kama unamwita mtu ng'ambo ya bonde. Mpe Judica barua, anakuja sokoni kila Jumanne na Ijumaa.

Mwanao,
Annastella

Nimefunga barua Jumatatu. Jana nililala saa nne na nusu.


Kishanda, 23 Julai 2024

Omwana wange Annastella,

Nimecheka. Nani alikwambia shangazi yako anataka kujua ulilala saa ngapi? Ukungu, sweta, saa nne! Ungekuwa mtangazaji wa redio tungelipwa sote. Lakini endelea, nimezoea, na usipoandika nitadhani unaumwa.

Hapa tunamshukuru Mungu. Maharage nimevuna, si mengi. Mnyauko umegusa migomba ya upande wa bondeni lakini ya upande wa njia imesimama vizuri, mikungu yake itakuwa tayari Krismasi. Kwaya wamenirudisha uongozi baada ya kuniondoa, kwa sababu aliyechukua nafasi yangu anaimba kama mlango usiopakwa mafuta.

Swali lako ni jepesi. Nilimwambia, "Baba mdogo, nimekuletea mke wako, umtunze." Mlinzi akacheka, wanawake waliokuwa wakiingia wakapiga vigelegele, naye akakununulia soda. Ulitaka niseme nini? Yeye ni babu yako wa ukoo. Babu humwita mjukuu mke, mjukuu humwambia babu amezeeka, hana meno ya kutafuna mahari. Hata mimi babu yangu aliniita hivyo hadi siku aliyofariki.

Kwa nini unauliza?

Shangazi yako,
Joviana


Bukoba, Jumapili 11 Agosti 2024
Asubuhi: anga jeupe, hakuna upepo, ziwa limetulia kama sufuria ya maji.

Shangazi, waitu,

Shikamoo. Nimefurahi habari za kwaya. Habari zako nimezifikisha Izimbya.

Nauliza kwa sababu ya hili. Babu Rutaihwa ndiye msimamizi wa chumba cha uchambuzi. Tangu mwezi wa tano ananiita mke wangu mbele ya meza zote, nami nilimjibu kama ulivyonifundisha, kwamba hana meno. Watu walicheka. Mwezi wa sita akaanza kuniita stoo ya magunia nikamsaidie kupima. Mizani ile haihitaji watu wawili. Tarehe 9 Julai aliingia nyuma yangu akatia komeo kwa ndani. Alisema, "Mke anamkimbia mume?" Akanishika kiuno na kunibana kwenye magunia. Nilimkanyaga mguu nikapiga kelele, mashine zilikuwa zinanguruma, hakuna aliyesikia. Nilifungua komeo mwenyewe nikatoka. Nikarudi mezani nikaendelea kuchambua, punje nzuri na mbaya nazitupa pamoja.

Ukutani karibu na choo chetu kuna tangazo lenye muhuri wa kiwanda, linasema mwajiri atazuia udhalilishaji kazini na atachunguza kila lalamiko. Nimelipita mara nyingi kwenda kunawa mikono. Safari hii nililisoma, nikaenda kwa Nancy, afisa utumishi. Alinisikiliza vizuri, macho yake yakalowa. Kisha akanipeleka kwa meneja, Bwana Buberwa. Bwana Buberwa akauliza swali moja.

"Wewe na Mzee Rutaihwa ni ukoo mmoja?"

"Ndiyo."

"Yeye ni babu yako?"

"Wa ukoo, ndiyo."

"Basi binti, huo ni utani. Kiwanda hiki hakiingilii mila za watu."

Hakuuliza habari za komeo. Nancy alikuwa na kalamu mkononi, hakuandika kitu.

Nakuomba unijibu upesi.

Annastella


Kishanda, 30 Agosti 2024

Mwanangu,

Barua yako ilifika siku nyingi. Samahani kwa kuchelewa. Paa la jikoni lilivuja, halafu kukawa na msiba kwa jirani, halafu nilikuwa na malaria kidogo.

Mbuzi wamezaa. Kahawa yangu nimeianua, imekauka vizuri. Mchungaji ameniuliza habari zako.

Juu ya lile jambo, nimelisoma. Mzee wa ukoo ni mzee wa ukoo, na mambo ya namna hiyo hupelekwa nyumbani kwanza. Anakuja Kishanda kila mwisho wa mwezi. Niachie mimi, nitamsemesha taratibu, ataona haya. Wewe fanya kazi, kaa mbali na hiyo stoo.

Barua yako haikusema ulilala saa ngapi.

Shangazi


Bukoba, Jumapili 15 Septemba 2024
Asubuhi: mvua ya radi kutoka ziwani alfajiri, kisha jua kali.

Shangazi, waitu,

Natumaini malaria imekwisha na paa limezibwa. Mimi nina afya.

Sijui kama umeshamsemesha Babu. Ninachojua ni kwamba Jumatatu ya tarehe 2 nilikuta jina langu limeondolewa mezani. Nimepelekwa uani kufagia maganda ya kahawa, kwa malipo ya kibarua. Nilimuuliza Nancy sababu. Akasema, "Tumekuhamisha kwa usalama wako." Nikamwambia, "Aliyefunga komeo ni yeye. Mbona ninayehamishwa ni mimi?" Akatazama dirishani.

Nafasi yangu mezani amepewa Safina, msichana wa Kaagya, mgeni kabisa. Alhamisi ya wiki ile ile nikiwa nafagia nilimwona Babu akimwita stoo. Safina si wa ukoo wetu, Shangazi. Naye anamwita mke wangu. Niligonga bati la ukuta kwa mti wa ufagio hadi mlango ukafunguliwa. Safina alitoka akifunga kitambaa upya kichwani, akapita bila kunitazama.

Ijumaa niliomba ruhusa nikaenda ofisi ya kazi. Afisa aliniambia kwamba mwajiri akishaarifiwa hana hiari ya kuita jambo mila akalifunga. Lazima asikilize pande zote mbili na mashahidi, na anayesikiliza asiwe rafiki wa mlalamikiwa. Bwana Buberwa anacheza bao na Babu kila Jumamosi. Barua ya ofisi imemfikia, na sasa ameweka kikao Ijumaa tarehe 18 Oktoba. Mwenyekiti atakuwa mama mmoja wakili, mtu wa nje.

Babu ametaja shahidi mmoja tu, ambaye ni wewe. Amesema, "Shangazi yake mwenyewe alinikabidhi kama mke, mbele ya lango. Muulizeni."

Ukisema ulinikabidhi ukanyamaza hapo, yamekwisha. Mimi nitaondoka, na Safina atabaki na hiyo stoo. Tafadhali niambie utakachosema.

Annastella

Jana nililala saa saba na dakika kumi.


Kishanda, 28 Septemba 2024

Ndugu Annastella,

Natumaini hujambo. Sisi hapa hatujambo.

Naandika barua hii Mzee Rutaihwa akiwa ameketi hapa sebuleni, anakunywa chai. Amekuja na sukari na kitenge na salamu za wazee. Amenieleza mambo yote kwa upole. Nathibitisha kwamba nilikukabidhi kwake kwa maneno ya mila, kwa hiari yangu, mbele ya watu. Mambo ya ukoo humalizwa na ukoo. Ni vizuri uandike kiwandani kwamba ulikosea kuelewa, naye yuko tayari kukurudisha mezani.

Nimempa yeye barua akuletee, kwa sababu Judica anaumwa na hatakuja sokoni.

Joviana


Bukoba, Jumapili 6 Oktoba 2024
Asubuhi: mawingu mazito, mvua haijaamua.

Shangazi,

Barua yako imefika. Aliileta mwenyewe hadi uani, mbele ya wanawake waliokuwa wakila mihogo. Alisema kwa sauti, "Mke wangu, kwenu wanakusalimu." Kisha akainama, akasema polepole, "Soma vizuri. Mimi nimeshaisoma." Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kugandishwa upya kwa ugali.

Hujawahi kuniita ndugu. Na Judica unayesema anaumwa alikuwa sokoni Ijumaa, mzima, akigombana na mteja juu ya bei ya mkungu. Ndiye ninayempa barua hii.

Sijui kama niliyemsoma ni wewe. Kama ni wewe, basi nimekuelewa na sitakuuliza tena. Kama si wewe, niambie, maana kikao ni tarehe 18.

Annastella


Kishanda, 11 Oktoba 2024, Ijumaa alfajiri, Judica ananisubiri nje

Omwana wange,

Mkono ulikuwa wangu, maneno hayakuwa yangu.

Nilikuwa nimejipanga kumsemesha kama nilivyokuahidi. Hakunipa nafasi. Aliingia akaketi kwenye kiti cha marehemu mume wangu, ambacho wewe unajua hakuna anayekikalia. Mdogo wake Rwekaza akasimama mlangoni na panga, eti wanatoka kukata majani makavu migombani. Akasema, "Joviana, chukua kalamu." Nikachukua. Nilipoandika kuwa Judica anaumwa, nilisali usimsahau Judica, nawe hukumsahau. Ndiyo maana nilikuita ndugu, kama karani wa kijiji.

Kuna jambo moja nililolifanya. Kikapu cha kahawa ya kutafuna kilikuwa mezani, mbele ya macho yake. Tangu niolewe sijawahi kuona mgeni wa ukoo, hata mwenye deni, hata mchawi, akiingia nyumba hii asipewe kahawa mkononi. Nilimpa chai. Alikitazama kikapu, akanitazama mimi. Chai hakuimaliza. Hapo alijua nimemkataa, na tangu siku ile wazee wawili wamekuja kuniuliza kama ni kweli nimemnyima kahawa baba yangu mdogo. Nimewajibu ni kweli.

Nitakuja Alhamisi na gari la ndizi la Judica, amekubali kutangulia siku moja, nitalala kwako. Usiniulize nitasema nini. Wewe andaa maji ya moto, magoti yangu siku hizi yanalalamika.

Sitaandika kama naogopa au siogopi.

Shangazi yako


Bukoba, Jumapili 27 Oktoba 2024
Asubuhi: mvua ya vuli, imenyesha tangu saa kumi na moja, mitaro imejaa.

Shangazi, waitu,

Magoti yanasemaje? Judica aliniambia ulifika salama na kwamba ulilala usingizi njia nzima, mdomo wazi. Nimemwambia asiwatangazie watu.

Ulipomaliza kusema walikuomba utoke nje, na Judica akaondoka nawe kabla sijatoka, kwa hiyo hujui yaliyofuata. Mama wakili akamwambia karani arudie maneno yako kama alivyoyaandika. Karani akasoma: "Ni kweli nilisema nimemletea mke wake. Nilisema mchana, langoni, watu wakicheka. Utani wa babu hauna mlango. Babu yangu mzazi aliniita mke hadi anakufa na hakuna siku alinifungia chumba. Sasa muulizeni baba mdogo, komeo la stoo ni utani wa ukoo gani?"

Babu akasema, "Huyu mwanamke amenikosea heshima, mimi ni baba yake."

Mama wakili akasema, "Umeulizwa habari za komeo."

Akatoa leso akajifuta shingo. Ndipo mama wakili akamgeukia Bwana Buberwa, akamuuliza ni nani aliyeruhusu stoo ifungwe kwa ndani, na kwa nini nilipolalamika niliulizwa ukoo wangu badala ya kuulizwa kilichotokea. Bwana Buberwa akasema, "Sisi sote tulikua tukiitwa hivyo." Hakuna aliyecheka.

Uamuzi utasomwa Ijumaa tarehe 22 Novemba. Kabla ya hapo nimerudishwa mezani, na fundi amekuja na nyundo akaung'oa mlango wa stoo, umelazwa uani, kuku wa mlinzi wanatembea juu yake. Mlinzi kila anayeingia anamwambia, "Karibu, utani hauna mlango." Nancy sasa anaandika kila neno analoambiwa. Safina bado hasemi, lakini jana alihamia meza yangu bila kuombwa.

Babu amepewa likizo hadi uamuzi utoke. Hayupo tena hapa. Nimelala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu Julai.

Mwanao,
Annastella

Jana nililala saa tatu na nusu. Soma vizuri, Shangazi. Saa tatu na nusu.


Kishanda, 5 Novemba 2024

Omwana wange,

Saa tatu na nusu kama kuku! Nimefurahi. Nimemsomea mchungaji sehemu ya mlango na kuku, akacheka hadi akavua miwani.

Senene wameanza. Watoto wanakimbia na chupa, nami nimekukaangia kidogo, Judica atakuletea. Magoti ni yale yale.

Hiyo likizo ya babu yako anaimalizia hapa. Hukufikiri kwamba ana nyumba nyingine? Ananenepa. Kila jioni anapita njia ya kibanja changu cha migomba. Hapigi hodi. Anasimama nje ya ua, anasalimia kwa sauti nzuri, "Joviana, umeshindaje? Unalala peke yako bado?" Namjibu nimeshinda salama. Anasimama kidogo, kisha anaenda zake.

Mahali pangu kwenye kwaya wamempa mtu mwingine tena. Na simu yangu imepotea dukani kwa Rwekaza, anasema anaitafuta.

Ijumaa asubuhi nilikuta migomba ya upande wa njia imelala chini yote, pamoja na mikungu ile ya Krismasi. Ni upepo, nafikiri.

Mlango wa mbele una kitasa kizuri. Wa jikoni haufungi sawasawa, nauegemezea kinu.

Usije. Una kazi yako, na hapa hakuna neno.

Shangazi yako,
Joviana


Bukoba, Jumapili 10 Novemba 2024
Asubuhi: kimya, joto, mawingu meusi upande wa Muleba.

Shangazi, waitu,

Senene wamefika, wana chumvi ya kutosha, nimekula na Safina. Mama wa Izimbya anakusalimu. Ndama anaruka.

Judica amepita kibanjani kwako kabla ya kupakia ndizi. Anasema migomba imekatwa kwa mshazari, kwa panga kali, yote kwa urefu mmoja. Upepo haukati hivyo, nawe unajua kuliko mimi.

Jana Jumamosi nilikwenda hadi nyumbani kwa Nancy. Nilimwambia, "Mmemtoa kwenye stoo yenu mkamweka kwenye njia ya shahidi wangu." Aliweka kikombe chini. Akampigia Bwana Buberwa mbele yangu, nikasikia akisema, "Kishanda si kiwandani. Wajibu wetu unaishia getini." Nancy akamjibu, "Aliitwa na sisi, bosi. Alisafiri kwa barua yetu." Kisha akampigia mama wakili. Huyo ameagiza kwamba Rutaihwa arudi Bukoba na awe anaripoti ofisini kila siku hadi uamuzi utoke, na kwamba kumtisha shahidi kutaingizwa kwenye shauri. Nancy amewaandikia pia polisi wa huko kwenu Muleba. Lakini barua ya kumwita itatoka kesho, na Bwana Buberwa amempa Rutaihwa hadi Jumatatu tarehe 18. Ina maana kuna siku zote hizi katikati.

Umeniambia nisije. Kwa hili sitakutii. Nimeomba ruhusa, Nancy ametia saini. Ijumaa jioni nitakuwa hapo na Judica. Safina anakuja pia. Amekubali kusema yake tarehe 22, lakini anataka kwanza alale nyumbani kwako usiku mmoja. Alisema, "Nataka nione mwanamke aliyesema anaishije baada ya kusema." Nimemwambia aone mwenyewe. Tuwekee kahawa.

Hadi Ijumaa, nakuomba mambo mawili. Lala kwa mchungaji. Najua hutakubali, kwa hiyo la pili ni hili: tukifika tutagonga mlango wa jikoni, na nitataja jina la ndama wa Izimbya. Akigonga mtu mwingine yeyote, hata akijiita baba, hata akisema ametumwa na mimi, kinu kisitoke mlangoni.

Mwanao,
Annastella

Jumatatu asubuhi, mvua imeanza. Jana nililala saa tisa na robo.